Tiketi ya Mtu Anayekwenda Kukaa

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Dubai kwa wiki moja hununua tiketi kwa bei, na wala hakosei. Akichelewa siku moja, hasara yake inahesabika. Anayekwenda kukaa mwaka au miwili yuko kwenye hesabu nyingine, lakini nilipokuwa najiandaa kwenda Göttingen, Ujerumani, mwaka 2022 kusoma shahada ya uzamili ya misitu, kila niliyemuuliza alinitajia jina la shirika la ndege na kiasi cha dola. Hakuna aliyeniuliza nitakabidhiwa lini ufunguo wa chumba.

Ufunguo ndio uliopanga tiketi yangu, kwa hiyo naanzia hapo. Mikataba ya mabweni ya wanafunzi kule kwa kawaida huanza tarehe mosi, na muhula wa majira ya baridi kwenye vyuo vikuu huanza rasmi 1 Oktoba. Ufunguo hautolewi na mlinzi wa getini saa yoyote utakayofika na masanduku yako. Yupo msimamizi wa jengo, ana saa zake za ofisi, siku za kazi tu, na mara nyingi ni asubuhi. Sasa fungua kalenda ya mwaka ule: 1 Oktoba ilikuwa Jumamosi. Kesho yake Jumapili, siku ambayo Ujerumani hata duka la mkate wa kupaka siagi utalitafuta. Jumatatu ilikuwa 3 Oktoba, sikukuu yao ya kuungana kwa Ujerumani mbili mwaka 1990, nchi nzima imefunga. Kwa hiyo mtu aliyetua Jumamosi asubuhi kwa furaha kwamba mkataba wake umeanza leo, ufunguo angeuona Jumanne.

Mwenzangu mmoja tuliyemaliza naye SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pale Morogoro yalimkuta hayo, katika mji mwingine. Tiketi ya kutua Jumamosi ilikuwa pungufu kwa dola kama themanini, akaichukua. Akalala hosteli mpaka Jumanne, chumba cha watu wanane, masanduku mawili kayafunga kwa mnyororo wa baiskeli kwenye mguu wa kitanda. Chakula alinunua stesheni ya treni, maana ndiko maduka yanakoruhusiwa kufunguliwa siku kama zile, na bei za stesheni unazijua hata kama hujawahi kufika. Zile dola themanini zilikwisha kabla ya Jumapili jioni.

Kuna jambo lingine linaloongeza uzito hapo. Mwanafunzi anayekwenda Ujerumani kwa pesa yake huweka akiba ya mwaka mzima kwenye akaunti iliyofungiwa. Wakati wetu ilikuwa euro 10,332, tangu Septemba 2024 ni euro 11,904. Ukiitaja hiyo namba nyumbani, watu wanadhani umeondoka na mamilioni mfukoni. Pesa hiyo hutoki nayo. Hutolewa kwa fungu la kila mwezi, na fungu la kwanza haliji mpaka uwe na akaunti ya benki na mambo yako yakae sawa. Wiki za mwanzo unaishi kwa ulichobeba. Kila usiku wa hosteli unatoka hapo hapo.

Basi niliandika barua pepe kwa watu wa bweni nikauliza msimamizi anakaa ofisini saa ngapi Jumanne ya tarehe 4. Jibu likaja: mwisho saa sita mchana. Kutoka uwanja wa Frankfurt hadi Göttingen kwa treni ya haraka ni kama saa mbili, na mara nyingi unabadilisha treni. Ukitoa foleni ya uhamiaji na kusubiri mizigo, ilibidi ndege iguse ardhi alfajiri. Hapo ndipo orodha ndefu ya bei kwenye simu ilipopungua yenyewe. Zilizotua mchana niliziondoa, pamoja na ile ya bei ya chini kuliko zote. Nikabaki na Ethiopian, inayoondoka Dar mchana, unaunganisha Addis Ababa usiku, unafika Frankfurt kunakucha. Mihadhara yenyewe haikuwa imeanza, kwa hiyo kuchelewa hizo siku tatu hakukunipotezea kitu darasani.

Kabla hujakubali tarehe yoyote, itazame stika ya viza. Viza ya kukaa muda mrefu, ile daraja D, ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na tarehe ya kuanza ni mlango. Ikianza tarehe 1 na ndege yako inatua tarehe 30 saa nne usiku, hupandi. Hawatakusubirisha Frankfurt mpaka saa sita usiku ipite; utarudishwa pale pale Dar, kwenye kaunta ya Terminal 3, ndugu zako wakiwa bado wako nje wanapiga picha. Shirika likimpeleka abiria asiye na haki ya kuingia hupigwa faini na kulazimika kumrudisha, ndiyo maana yule binti wa kaunta anaigeuzageuza pasipoti yako kama noti anayoitilia shaka.

Suala la tiketi na viza, kipi kitangulie, linawachanganya wengi. Balozi za Ujerumani zenyewe hushauri usilipie tiketi kabla viza haijatoka. Ukitakiwa kuonyesha mpango wa safari, wakala anaweza kukutolea buking. Mimi nilikwenda kwa wakala mmoja mitaa ya Posta, dada mtulivu, akanichapia karatasi yenye jina langu, ndege zote mbili na saa zake. Ukiitazama unaona ni tiketi kamili.

"Kaka, usije ukaenda nayo uwanjani hii," akaniambia. Akachukua kalamu nyekundu akazungushia herufi na namba sita zilizokuwa juu. "Hii ni namba ya buking. Nafasi imeshikwa tu, na wenyewe wakitaka wanaiachia kesho. Ukishalipa, hapa chini patatokea namba nyingine ya tarakimu kumi na tatu. Isipokuwepo hiyo, huna tiketi."

Baadaye nilikuja kujua kwamba tarakimu tatu za mwanzo za ile namba ndefu ni za shirika: Ethiopian ni 071, KLM 074, Qatar 157, Emirates 176, Kenya Airways 706. Ni elimu ndogo lakini ina faida. Siku hizi wapo vijana wanaouza tiketi za bei poa kwenye magrupu ya WhatsApp, anakutumia karatasi nzuri yenye nembo, unalipa kwa simu, anakata mawasiliano. Ukiwa na namba ya buking na jina lako la ukoo, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika uone kama safari ipo na kama imekatiwa tiketi. Ni kazi ya dakika moja, na anayekuuzia kwa haki hawezi kukasirika ukimwambia subiri kwanza niangalie.

Sasa tuje kwenye swali lililotugombanisha nyumbani: nikate ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi? Baba alishikilia kwamba bila tiketi ya kurudi hawatanipandisha ndege. Hilo ni kweli kwa anayekwenda kutembea. Mwenye viza ya daraja D hadaiwi tiketi ya kurudi, kwa sababu viza yenyewe inasema anakwenda kukaa. Lakini baba alikuwa na hoja nyingine ambayo hakuijua: kwenye mashirika makubwa, tiketi ya kwenda tu mara nyingi haiwi nusu ya bei ya kwenda na kurudi. Inaweza kuwa theluthi mbili, inaweza kukaribia kulingana nayo, na zipo siku inaizidi kabisa. Ndiyo maana kuna watu hununua ya kwenda na kurudi na kipande cha kurudi wakakiacha kife.

Mimi nilitaka kukitumia hicho kipande, na hapo ndipo masharti yanapokuwa na thamani kuliko bei. Tiketi ya kawaida haidumu zaidi ya mwaka mmoja, na mashirika hufungua ratiba zao kama siku 330 hadi 360 mbele. Anayekwenda miaka miwili hawezi kununua leo siku yake ya kurudi moja kwa moja. Anachonunua ni likizo ya kwanza. Nayo likizo ya kwanza ina mtego wake. Viza ya mwanzo mara nyingi huwa ya miezi mitatu hadi sita tu, ndani yake unaomba kadi ya ukaazi kwenye ofisi ya wageni ya mji, na kadi haina haraka. Ukiwa umefunga tarehe ya kwenda nyumbani Krismasi au Machi na kadi haijatoka, unabaki na karatasi ya muda ambayo wafanyakazi wengi wa kaunta za ndege hawajawahi kuiona, na ni wao watakaoamua kama unapanda ndege ya kurudi shuleni.

Kwa hiyo nilimwambia dada wa Posta: niwekee tarehe ya mbali inayokubalika, lakini nataka tiketi inayobadilishika. Akanisomea masharti pole pole, jambo ambalo mawakala wengi hawalifanyi. Kubadilisha bila faini hakumaanishi kubadilisha bure: ukihamia siku ambayo nauli iko juu, unaongeza tofauti. Kubadilisha lazima kufanyike kabla ndege ya tarehe ya zamani haijaondoka. Ikishaondoka wewe hupo, unahesabiwa hukutokea, na hapo faini ni nyingine au kipande kimekufa. Tena vipande hutumika kwa mfuatano. Ukiruka cha kwanza, vyote vilivyobaki hufutwa. Yupo mtu atakayekushauri upande Nairobi badala ya Dar kwa tiketi ya kuanzia Dar kwa sababu siku hiyo uko Nairobi kikazi. Mshukuru, usimfuate.

Kadi yangu ilitoka baada ya tarehe ya kwanza kupita. Nilisogeza safari mara moja, nikalipa tofauti ya nauli, ikaisha.

Jina nalipitia haraka, maana ni jambo la kukagua tu. Sisi tuna majina matatu, na hati zetu hazikubaliani: cheti cha kuzaliwa kina mawili, cheti cha shule kina matatu, kitambulisho cha taifa cha NIDA kimeandika babu kwa herufi tofauti. Tiketi haijali hayo yote, inafuata pasipoti. Tazama mistari miwili ya chini yenye alama za mishale kwenye ukurasa wa picha: ukoo kwanza, kisha majina mengine. Hivyo ndivyo tiketi iandikwe, na ukiona MR limegandishwa mwishoni mwa jina lako bila nafasi usishtuke, ndivyo mifumo yao inavyoandika.

Kwenye mizigo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo familia nzima inapoingia kwenye safari yako. Nauli yangu iliruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, na mashirika mengi yanayobeba watu kutoka Afrika hutoa hivyo au karibu na hivyo. Wanafunzi wana nafasi ya kupata zaidi: baadhi ya mashirika yana nauli za wanafunzi zenye kilo za nyongeza au begi la tatu, ila uwe na barua ya chuo na uiombe kabla ya kulipa. Zingatia kwamba ni mabegi mawili, siyo kilo 46 upange utakavyo. Begi moja la kilo 30 na jingine la 16 ni begi moja limezidi, na utalipia.

Tatizo ni kwamba mimi natoka Mwanza. Ndege ya Mwanza hadi Dar ilikuwa tiketi ya peke yake, na yenyewe iliniruhusu kilo 23 basi. Watu wa mikoani wanaijua hesabu hii: nauli ya kimataifa inakupa mabegi mawili, ila huwezi kufika nayo kwenye kaunta yenyewe. Kulipia kilo 23 za ziada kwenye ndege ya ndani kulikuwa kunakaribia nauli ya kiti kingine. Begi la pili nikalituma kwa basi kama kifurushi, kilomita zaidi ya 1,100, shangazi yangu wa Tabata akalipokea stendi ya Magufuli kule Mbezi. Mimi nikafika Dar siku mbili kabla. Hizo siku mbili nazo zilikuwa za makusudi. Tiketi mbili tofauti hazijuani. Ndege ya ndani ikiahirishwa, yule wa kimataifa hana habari na wewe, atakuandika hukutokea. Ukiwa na tiketi moja yenye vipande vyote, ukichelewa kuunganisha ni juu yao kukutafutia ndege nyingine. Ukiwa nazo mbili, ni juu yako na mfuko wako.

Tovuti za bei rahisi hupenda sana kuzishona tiketi mbili zisizojuana zikaonekana safari moja. Niliwahi kuona ya kupitia Istanbul ambayo unatua uwanja mmoja na kuondokea mwingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia wa jiji. Kuchukua begi na kuvuka jiji ni kuingia nchini, na kuingia nchini kuna habari za viza. Bei yake ilivutia kweli.

Mama alileta dagaa, kama ilivyotarajiwa. Nilishasoma: Umoja wa Ulaya unakataza abiria kutoka kwetu kuingiza nyama na maziwa na vyote vinavyotokana navyo, lakini samaki kwa matumizi yako wanaruhusiwa hadi kilo 20. Kwa hiyo dagaa wa Mwanza walipita, samli ya bibi ikabaki. Matunda na mboga mbichi vinahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache kama ndizi, nanasi, nazi na tende. Bibi hakunielewa kabisa kwamba nazi ni sawa na samli ni kosa. Dagaa walifungwa mifuko minne kwa mkanda wa gundi, na bado shuka langu la kwanza Ujerumani lilinukia soko la samaki la Mwaloni, Kirumba.

Saa ya kuondoka ni jambo la kumsisitizia kila mtu atakayekusindikiza. Ndege kadhaa za Dar kwenda nje huondoka usiku wa manane. Tiketi ikisema tarehe 15 saa 02:50, maana yake ni saa nane na dakika hamsini, usiku wa kuamkia tarehe 15, na unatakiwa uwe umefika uwanjani tarehe 14 kabla ya saa sita usiku. Nimeshaona familia iliyokuja na sufuria la pilau na mpiga picha usiku wa tarehe 15, ndege imeshaondoka karibu saa ishirini zilizopita. Waandikie ndugu kwa saa zetu na taja siku yenyewe, "Jumanne usiku, tuondoke nyumbani saa tatu." Addis, kwa taarifa yako, wenyeji nao huhesabu saa kuanzia macheo kama sisi, lakini ubao wa uwanja wa Bole unatumia saa za kimataifa, kwa hiyo usitulie kupita kiasi.

Treni ya Frankfurt nilikata ya kubadilishika. Zipo tiketi za treni za bei ndogo sana ukinunua mapema, ila zinakufunga kwenye treni moja, na ndege ikichelewa umeipoteza. Mashirika kadhaa ya ndege huuza safari ya treni ndani ya tiketi ya ndege, kwa mwafaka na reli ya Ujerumani. Uliza kabla hujalipa pembeni. Stesheni ya treni za mbali iko pale pale uwanjani, unafika kwa miguu kutoka Terminal 1 ukisukuma kigari.

Ukishakaa huko, tiketi zako zinageuka. Zinaanzia Ulaya, na nauli inafuata msongamano wa kule: Desemba na Julai ni moto, Februari na Novemba afadhali. Ila unapata kitu ambacho ulikuwa hukipati ulipoanzia Dar. Kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda kila abiria anayeondokea uwanja wa Umoja wa Ulaya, shirika liwe la nchi yoyote. Kwa safari inayozidi kilomita 3,500, na Dar ni mbali kuliko hapo karibu mara mbili hivi kutegemea uwanja, ukifika umechelewa saa tatu au zaidi kwa sababu iliyo mikononi mwa shirika, fidia ni euro 600, na wanaweza kuipunguza hadi nusu kama ucheleweshaji haukuzidi saa nne. Dhoruba haihesabiwi. Ukitokea Dar kwenda Ulaya, unalindwa tu kama ndege ni ya shirika la Ulaya, mfano KLM ya Amsterdam. Dai huandikwa kwa shirika lililorusha ndege, siyo kwa wakala aliyekuuzia, na watakujibu mara ya kwanza kwamba hustahili. Andika tena, ambatisha bodingi pasi, taja namba ya kanuni.